Ombi la Kuzuia Daraja la Kisiwa cha Kavumbuni

Benki Kuu ya Kisiwa cha Kavumbuni
(zamani ghala la mahindi la F. Kivuva),
Njia ya Emali.

26 Januari 1998

Kwa Bwana D.O.,
Ofisi ya Tarafa.

Mheshimiwa Bwana D.O.,

KUH: DARAJA AMBALO HATULIHITAJI TENA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako. Sisi huku kisiwani ni wazima, isipokuwa uchumi wetu, ambao umelala kitandani tangu wiki juzi, na aliyeulaza ni wewe. Nasema hivyo kwa heshima zote.

Jina langu ni Festus Kivuva Mulei. Nilifanya kazi katika benki moja ya Nairobi kwa miaka kumi na tisa, kuanzia 1974 hadi 1993. Sitaficha kwamba nilikuwa tarishi. Lakini tarishi ndiye mtu pekee benkini anayeingia katika kila chumba. Karani anajua kaunta yake na meneja anajua meza yake, bali mimi nilijua hata droo ambamo meneja alificha mandazi. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyeniuliza nafikiri nini juu ya jambo lolote. Kwa hivyo nilistaafu nikarudi nyumbani na mawazo yangu yote yakiwa mapya, hayajatumika hata mara moja.

Utakumbuka kwamba mvua hii ya El Nino ilibomoa drifti yetu, ile njia ya saruji ya kuvukia mto, tarehe kumi na nne Novemba. Najua unakumbuka kwa sababu ulikuja ukasimama ng'ambo ukatupungia mkono. Mto ulipita mahali pake pa kawaida, kisha ukajichimbia njia ya pili nyuma ya kanisa, na tulipoamka tukawa na maji pande zote. Tulikuwa familia arobaini na moja, kanisa moja, kinu cha posho kisichokuwa na dizeli, na duka moja la Bwana Abdulkadir, ambaye baba yake alitoka Mombasa akafungua duka hapa kabla mimi sijaanza shule.

Wiki ya kwanza watu walinunua kama kawaida. Wiki ya pili walinunua kwa hofu. Wiki ya tatu hakukuwa na cha kununua wala cha kununulia, maana kila shilingi ya Kavumbuni ilikuwa imeingia dukani na hakuna iliyotoka. Bwana Abdulkadir alikuja kwangu amebeba debe la mafuta ya kupikia, akaliweka chini. Lilikuwa limejaa pesa mpaka mdomoni.

"Bwana Kivuva," akaniambia, "pesa zote za kijiji ziko humu, na mimi leo nimekula ugali bila chumvi. Wewe umekaa benki. Niambie hii ni ugonjwa gani."

Bwana D.O., nilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza swali la benki ambalo si "umeleta chai?" Nilimwomba anipe siku mbili.

Siku hizo mbili nilisoma. Nilisoma gazeti ambalo sabuni yangu ya mwisho ilikuwa imefungiwa. Ndani yake kulikuwa na habari za kisiwa kimoja kidogo cha mbali, chenye joto kama hili letu, ambacho hakina kiwanda, hakina mgodi, hakina mashamba ya maana, na bado wakazi wake wanaendesha magari ya fahari. Siri yao ni benki. Wana benki nyingi kuliko makanisa. Matajiri wa nchi kubwa hupeleka pesa zao huko zikapumzike, na hakuna anayewauliza kitu. Nilijiuliza kisiwa hicho kina nini ambacho sisi hatuna. Joto tunalo. Maji pande zote tunayo. Viwanda pia hatuna. Tulichopungukiwa ni benki tu.

Basi Jumatatu tarehe nane Desemba nilifungua Benki Kuu katika ghala langu la mahindi. Mke wangu Kalondu alipinga kwa sababu za kibinafsi, yaani mahindi.

Pesa zenyewe nilizipata kanisani. Mwaka 1994 tulichapisha tiketi mia sita za bahati nasibu ili tuezeke paa. Zawadi ilikuwa fahali aitwaye Meja, wa Mzee Nzuki. Ziliuzwa tiketi nne, kisha akaja mhubiri mgeni akatukumbusha kwamba bahati nasibu ni kamari, na zilizobaki zikafungiwa sandukuni. Ni tiketi nzuri, za rangi ya waridi. Kila moja ina namba, picha ya fahali na muhuri. Shilingi ya serikali yenyewe haina mengi zaidi ya hayo.

Sheria niliifanya rahisi. Ukileta gorogoro moja (kopo la kilo mbili) ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, katika ghala, unapewa tiketi moja, na muthokoi wako unakaa benki. Ukichimba matuta nusu siku katika shamba la mwenzako, anakulipa tiketi moja. Pesa hiyo tuliiita fahali. Nilitangaza kanisani kwamba anayesema "fahali mmoja" anataja mnyama, na anayesema "fahali moja" anataja pesa. Wengi wetu huku hatujali sana tofauti kama hizo tunapozungumza Kiswahili, na nakiri kwamba hapo ndipo nilipopaswa kukaza.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Watu waliokuwa wamekaa wakiangalia mto walianza kufanyiana kazi. Zilichimbwa mita mia tatu za matuta. Bwana Abdulkadir alinyolewa kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Mumbua, mwalimu wa chekechea, ambaye kamati ya wazazi ilikuwa imemlipa ahadi kwa miaka miwili, alilipwa tiketi sabini na mbili mkononi, akazihesabu mara mbili, akalia kidogo. Na kila asubuhi watu walipanga foleni mbele ya ghala langu na kunisalimia "Habari ya asubuhi, Gavana." Nilikuwa nikiwajibu nikiwa nimeketi. Sijawahi kujibu salamu ya kazini nikiwa nimeketi.

Sasa nafika kwenye malalamiko. Nimeyapanga kwa namba ili yawe rahisi kuyashughulikia.

1. Tarehe kumi na mbili Januari, bila kuiarifu Benki Kuu, ulituma mafundi wakapiga hema ng'ambo ya mto na kupanga mifuko ya saruji. Mmoja wao alipaza sauti akasema, "Msijali, tutawatoa huko." Bwana D.O., hebu fikiria serikali ya nchi jirani isimame mpakani iseme hivyo. Siku hiyohiyo watu wakaanza kunong'ona kwamba daraja likiisha shilingi zitarudi, na tiketi zitakuwa karatasi. Yai lililokuwa fahali moja asubuhi likawa fahali tatu jioni. Kufikia Alhamisi lilikuwa fahali tisa, na kuku wenyewe hawakuwa wamebadilisha chochote katika utendaji wao.

Nilichukua hatua. Kwa kuwa watu walilalamika kwamba pesa hazitoshi, nilikata kila tiketi iliyokuwa benki katikati, nikaanza kuzikopesha bila muthokoi, na nikatangaza kwamba nusu ina thamani ya nzima. Hivyo pesa zikaongezeka mara mbili bila gharama yoyote. Siku iliyofuata yai likawa fahali kumi na nane. Sijui ni kwa nini.

2. Kwa sababu ya hofu hiyo uliyoileta, Mumbua alianza kuzitoa tiketi zake kila jioni na kuziangalia. Mtu akiangalia pesa kwa muda mrefu, mwishowe atazigeuza. Nyuma ya kila tiketi kumeandikwa masharti ya ile bahati nasibu, kwa herufi ndogo ambazo mimi, kama Gavana, sikuwa nimepata nafasi ya kuzisoma. Jumamosi tarehe kumi na saba alikuja ghalani akiwa na watu wa familia thelathini na nane nyuma yake, na wote wameshika tiketi.

"Gavana," akasema, "soma hapa. Mwenye tiketi hii ana haki ya kushindania fahali mmoja. Haikuandikwa fahali moja. Imeandikwa mmoja."

Nilisoma. Ilikuwa kweli. Aliyeandika masharti yale alikuwa amejifunza Kiswahili vizuri kuliko inavyohitajika.

Nilimweleza kwamba tiketi zake zina dhamana ya muthokoi ulioko benki, na kwamba akitaka anaweza kuzirudisha apewe muthokoi. Akaniomba nifungue ghala ahesabu. Alihesabu gorogoro mia mbili na kumi na mbili. Kisha akauliza ziko tiketi ngapi nje. Nikamwambia hilo ni swali la kitaalamu. Akaniambia yeye hufundisha watoto kuhesabu mpaka mia, na kwamba hajawahi kuona swali hilo likiitwa la kitaalamu. Tiketi zilizokuwa nje, nzima na nusu, zilikuwa mia saba na themanini.

Watu walisimama na tiketi zao mkononi kama watu wanaosubiri zahanati, na Mumbua akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilifundisha miaka miwili kwa ajili ya hizi." Bwana D.O., nimeona mameneja wakigombezwa na wateja wakubwa, nikapita katikati yao na sinia la chai bila kumwaga tone. Siku hiyo ningemwaga sinia zima.

Mzee Nzuki naye alikuwa hapo, akasema fahali ni wake, kwamba alimtoa kwa ajili ya paa na paa halikuezekwa. Watu wakamwambia kwamba alimtoa mbele ya madhabahu na mnyama akitolewa huko harudishwi. Kulitaka kutokea ugomvi. Kwa hiyo niliamua, kwa mamlaka niliyo nayo, kwamba Meja aletwe akae benki mpaka shauri liamuliwe. Nilimfunga mwenyewe kwenye nguzo ya ghala. Kwa mara ya kwanza pesa yetu ilikuwa na dhamana kamili: muthokoi ndani, na fahali nje. Nililala usingizi mzuri sana.

3. Jumapili alfajiri Kalondu aliniamsha. Yeye si mtu wa maneno mengi.

"Baba Mbinya," akasema, "benki imeliwa."

Nilitoka nikakuta ukuta wa fito umesukumwa ndani, nguzo imelala, na ghala halina punje ya kuokoa. Meja alikuwa amekula na kukanyagia matopeni akiba yote ya taifa, kisha akaihama nchi. Nyayo zake zilishuka moja kwa moja mpaka mtoni na hazikurudi. Nilipoinua macho nikamwona ng'ambo, amelala kando ya saruji yako, anacheua muthokoi wa familia arobaini na moja.

Mzee Nzuki alisimama ukingoni akamwita kwa jina kwa nusu saa. Fahali alimwangalia. Fundi mmoja akajibu kwamba mzee asiwe na wasiwasi, mnyama ana hali nzuri. Sasa mtaji wetu wote uko mikononi mwa watu wa nje, wanaupa maji kwa karai la kuchanganyia saruji.

Mafundi wako wanadai kwamba maji sasa hayapiti magoti na kwamba fahali alitembea tu. Mumbua naye anasema hivyo. Hayo ni maoni. Msimamo wa Benki Kuu ni kwamba aliogelea.

4. Huku wewe ukijenga daraja la kutoa watu, mimi nilikuwa ninaandaa mpango wa kuleta pesa. Nasema hili kwa siri. Sote tunajua kwamba katika nchi hii wako watu wakubwa wenye pesa ambazo hazipendi kuulizwa zilikotoka. Watu hao huzipeleka mbali, kwa ndege, katika visiwa vya wageni. Hiyo ni hasara kwa taifa. Kwa nini zisije Kavumbuni? Hapa hakuna barabara, hakuna simu, hakuna stima, na mkaguzi wa hesabu hawezi kutufikia bila kuvua viatu. Nimekaa na wakaguzi, nawajua. Hawavui viatu. Ukijenga daraja, umewapa njia ya kuja na viatu vyao, na kisiwa kimekufa.

Akaunti namba moja niliiweka kando kwa jina lako, Bwana D.O., au kwa jina lolote la jamaa utakalopenda. Haihitaji sahihi. Kwa bahati mbaya ghala kwa sasa halina ukuta wa upande mmoja, lakini jambo hilo linashughulikiwa.

5. Tangu Jumapili ile hakuna mtu ambaye ameniita Gavana. Jana Bwana Abdulkadir alinipita akasema "Habari, Kivuva," na hakusubiri jibu. Sijui kama hili ni lalamiko linaloingia katika ofisi yako, lakini nimeliweka kwa sababu namba nne ni chache.

Kwa hivyo ninaomba yafuatayo. Kwanza, daraja lisimamishwe, na saruji iliyoletwa itumike kujenga jengo la benki. Pili, Kavumbuni itangazwe rasmi kuwa kisiwa, hata wakati wa kiangazi. Tatu, fahali arudishwe kwa njia ya mazungumzo ya kistaarabu, bila kupigwa. Nne, serikali ituazime gorogoro mia saba na themanini za muthokoi, ili kila tiketi iliyoko nje iwe na mwenzake ndani, na mtu aliyefundisha miaka miwili apate kitu cha kuweka katika sufuria.

Hilo la nne ukilitekeleza peke yake, hayo mengine tunaweza kuyajadili.

Nafunga barua nikikutakia kila la heri katika kazi zako ngumu. Mke wangu Kalondu anakusalimu. Mzee Nzuki anakusalimu, na anauliza kama mafundi wanampa Meja chumvi. Wanakwaya wote wanakusalimu. Mwalimu Mumbua amesema nisiandike kwamba anakusalimu, ila yeye hana neno baya nawe.

Wako mtiifu katika mambo ya fedha,

F. Kivuva Mulei,
Gavana.

N.B. Barua hii ilikaa siku tano kwa kukosa bahasha, na leo ni Jumamosi tarehe thelathini na moja, kwa hiyo yafaa nikujulishe yaliyotokea katikati. Jumatano Mumbua alikunja sketi, akaingia mtoni mchana kweupe mbele ya watu wote, akavuka. Maji yalimfika chini ya goti. Mzee Nzuki alipoona mwanamke amevuka akaona aibu, akamfuata. Wakamchukua Meja wakampeleka soko la Emali, wakamuuza. Ilisemekana alikuwa amenona kuliko fahali yeyote aliyefika hapo tangu mvua ianze, na sisi tunajua ni kwa nini. Jioni Mzee Nzuki aliketi kanisani na pesa zote mezani, akajichukulia theluthi moja tu, na zilizobaki Mumbua akawagawia watu kulingana na tiketi walizoleta. Tiketi nusu zilihesabiwa kuwa nusu, jambo ambalo sikulifikiria. Yeye mwenyewe alichukua mshahara wake mwishoni, baada ya wengine wote, na alipomaliza alinipa mimi shilingi hamsini, akasema ni za kodi ya ghala. Nilimwambia, "Asante, mwalimu."

Tiketi zote zimechomwa. Bwana Abdulkadir alivuka na debe lake na dukani kuna chumvi.

Pia fundi mkuu alikuwa anatafuta mtu anayejua kusoma na kuandika, wa kuweka hesabu ya saruji inayoingia na inayotoka. Nilianza kazi jana. Wamenipa kiti. Mshahara ni shilingi mia na ishirini kwa siku hadi daraja lifunguliwe rasmi, na baadaye wanakwenda kujenga lingine upande wa Malili, na wamesema wakiridhika na kazi yangu watanichukua.

Kwa hiyo tafadhali usiyasome yale malalamiko kuanzia namba moja mpaka namba tano. Barua hii inaletwa kwako na dereva wa lori. Kokoto zilizobaki ni za siku mbili tu. Mwambie ageuze upesi alete nyingine, na kama ofisi ina lori la pili, nalo lije.